Bei ya Dagaa Isomeke Kwenye Kila Simu

Kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao, ni mali ya anayesoma. Yeye ndiye aliyenunua simu, yeye ndiye anayelipia bando, na mara nyingi hata kivinjari chenyewe hakukichagua. Alikikuta kwenye simu siku aliyoinunua Mwanga, hapa mjini Kigoma, au siku kaka yake alipomwachia. Mimi ninayetengeneza ukurasa nakuja baadaye, na sina haki ya kumwambia abadilishe simu ndipo asome bei ya dagaa.

Nataja dagaa kwa sababu ukurasa nilioushughulikia kuliko mwingine wowote ni wa kikundi cha kina mama wanaoanika na kuuza dagaa Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, pale boti za kwenda Gombe zinapopakia abiria. Ni ukurasa mdogo. Una bei ya kilo kwa kila daraja, maana dagaa waliokaushwa juu ya vichanja hawauzwi bei moja na walioanikwa mchangani. Una namba za kupiga, siku mzigo unapoondoka kwa treni na kwa basi, na picha chache. Wanaoufungua wako Dar es Salaam, Dodoma, Tabora na Bujumbura. Wengine wako hapa hapa mjini na wanataka kujua bei ya leo kabla ya kupanda bodaboda kushuka ziwani.

Sasa tazama wanavyoufungulia. Kuna mwenye Android toleo la 5, ambayo Chrome yake iliishia toleo la 95 mwaka 2021 na haitasogea tena hata akiwa na bando la kutosha. Mwenye Android 4.4 aliachwa mapema zaidi, kwenye Chrome ya 81. Wenye Tecno, Infinix na itel wengi wanatumia Phoenix kwa kuwa ilikuja na simu. Wa Opera Mini ni wengi pia, na hao sababu yao ni MB. Mteja wa Dar ana iPhone, na kwenye iPhone za huku kwetu, hata ukipakua Chrome au Firefox, injini inayochora ukurasa ni ileile WebKit ya Apple, kwa sababu Apple ndivyo inavyotaka. Umoja wa Ulaya uliifanya ilegeze sharti hilo mwaka 2024, lakini kwa nchi zao tu. Kuna vitochi vya KaiOS vyenye skrini ya pikseli, yaani vinukta, 240 kwa 320, na KaiOS 2.5 imejengwa juu ya injini ya Firefox 48, ya mwaka 2016. Halafu kuna kompyuta kubwa ya Windows katika ofisi ya msafirishaji.

Maandishi ninayowatumia wote hawa ni yaleyale. Yanayotofautiana ni jinsi kila injini inavyoyasoma maelekezo yangu ya CSS: kichwa kiwe kikubwa kiasi gani, jedwali likae wapi, kitufe kiwe na rangi gani.

Wenzangu wengi katika kazi hii wanaichukulia tofauti hiyo kuwa adui wa kushindwa. Wanataka picha waliyoichora kwenye laptopu ijirudie vilevile, pikseli kwa pikseli, kwenye kila simu. Mimi nimefikia kuamini kwamba CSS haikuwahi kuahidi hivyo, na ukisoma ilivyoanza utaona hivyo pia.

Tarehe 10 Oktoba 1994, Håkon Wium Lie, Mnorwei aliyekuwa akifanya kazi CERN, kituo kilekile ambako Tim Berners-Lee alianzisha wavuti, alitoa pendekezo la kwanza la CSS. Humo kuna kitu ambacho hakikudumu, lakini kinanigusa kila ninapokisoma. Mwandishi wa ukurasa aliweza kuweka asilimia kwenye kila agizo lake. Kichwa kikuu kiwe na herufi za pointi 24, asilimia 100. Kichwa kidogo pointi 20, asilimia 40. Asilimia hiyo ilikuwa kiasi cha usemi ambacho mwandishi anaomba, na kinachobaki kiliachwa kwa msomaji. Baadaye asilimia ziliondolewa, Bert Bos akaungana na Lie, na Desemba 1996 W3C, shirika linalosimamia kanuni za wavuti, likaipitisha CSS ya kwanza. Wazo la chini yake halikuondolewa. Mwandishi anapendekeza, na upande wa pili una neno lake.

Kilichofuata kilikuwa vurugu. Internet Explorer 3, kivinjari cha Microsoft, ilitoka Agosti 1996 ikiwa na vipande vya CSS, Netscape 4 ikafuata na vipande vyake, na vipande havikulingana. Mfano ulioumiza watu kwa miaka ni wa upana wa kisanduku. Ukimwambia fundi seremala akutengenezee sanduku la sentimita 30, mwingine atapima kwa ndani na mwingine kwa nje, na wote wawili watakuwa wamekusikia vizuri. W3C ilisema upana upimwe kwa ndani, pale yanapokaa maandishi. Kwa hiyo kisanduku cha pikseli 300, kikiwa na nafasi ya ndani ya 20 kila upande na mstari wa pembeni wa 5 kila upande, kinachukua 350 kwenye skrini. Internet Explorer 5 ya Windows ilipima kwa nje: kisanduku kilekile kilichukua 300, na maandishi yakabanwa kwenye 250. Tofauti ya pikseli 50 inatosha kuangusha safu nzima chini ya nyingine.

Watu walitafuta njia za kupenya. Tantek Çelik, mmoja wa waliotengeneza Internet Explorer 5 ya Mac, alibuni mbinu iliyotumia agizo la sauti ya kusoma ukurasa, lisilohusiana kabisa na upana, ili kuivuruga Internet Explorer 5 ya Windows iishie kusoma njiani na ibaki na kipimo chake, huku vivinjari vingine vikiendelea hadi kipimo sahihi. Kivinjari hichohicho cha Mac, mwaka 2000, ndicho kilichokuja na suluhisho lililodumu: ukurasa ukianza na tangazo la aina ya hati, kivinjari kinafuata kanuni rasmi, na usipoanza nalo, kinarudia tabia za zamani ili kurasa za kale zisivunjike. Ule mstari mfupi wa kwanza, <!DOCTYPE html>, ambao vijana wanauandika leo bila kujua kazi yake, unafanya kazi hiyo mpaka sasa. Nimewahi kufungua kurasa za watu hapa mjini zinazolalamikiwa kwamba zimekaa ovyo, na dawa ikawa ni huo mstari tu.

Baadaye ilikuja kuonekana kwamba upimaji wa nje ndio unaomfaa zaidi binadamu anayepanga ukurasa. CSS ikaongeza agizo la box-sizing, na leo karibu kila anayetengeneza tovuti anaanza kazi kwa kuliweka kuwa border-box. Yaani tumerudi kwenye kipimo cha Internet Explorer 5 kwa hiari yetu. Nalikumbuka hili kila ninaposikia mtu akisema kivinjari fulani kimekosea na basi.

Kinachoniwezesha kufanya kazi hii kwa utulivu ni kanuni moja iliyomo ndani ya CSS tangu mwanzo: kivinjari kikikutana na mstari kisichouelewa, kinauruka na kuendelea. Hakisimami wala hakionyeshi kosa kwa msomaji. Na mistari miwili inayoeleweka ikihusu jambo moja, kwa uzito ule ule, wa mwisho ndio unaoshinda. Ukiziunganisha kanuni hizi mbili, unaandika kwanza mstari wa zamani ambao kila simu inaujua, kisha chini yake mstari mpya. Simu mpya inachukua wa pili. Simu ya zamani inauruka wa pili na kubaki na wa kwanza. Hakuna haja ya kuiuliza simu jina lake.

Chukua kitufe cha kupiga simu nilichokiweka chini kabisa ya skrini. Zamani tuliandika height: 100vh kwa maana ya urefu wote wa skrini. Kwenye Safari ya iPhone kipimo hicho kinahesabu skrini kana kwamba ule upau wa anwani umejificha. Upau ukiwepo, sehemu ya chini ya ukurasa inafunikwa, na kitufe kinafunikwa nacho. Mwaka 2022 vilikuja vipimo vipya, kikiwemo dvh kinachofuata upau unapotokea na kujificha: Safari 15.4, kisha Firefox 101, kisha Chrome 108. Basi mstari wa kwanza unasema 100vh, wa pili unasema 100dvh, na Chrome ya 95 kwenye ile Android 5 inabaki na wa kwanza. Hapo kazi imekwisha.

Lakini kuna mahali kanuni hii inakuacha, na hapo ndipo napenda kukaa kidogo, maana mafunzo mengi yanapapita haraka.

Mahali pa kwanza ni pale unapotumia vigeu, yale majina unayoyatangaza juu na kuyaita kwa var(). Ukiandika 100vh, kisha chini yake var(--urefu), na --urefu yenyewe ni 100dvh, Chrome ya 95 haiuruki mstari wa pili. Var inaijua, kwa hiyo inaukubali mstari na kuutupa ule wa kwanza. Baadaye inafungua kigeu, inakuta dvh isiyoijua, na kwa wakati huo mstari wa akiba umeshatupwa. Urefu unarudi kuwa wa kawaida, kama vile hukuandika chochote. Dawa ni kutangaza kigeu cha zamani kwanza, kisha kukibadilisha ndani ya @supports, agizo linalouliza kivinjari kama kinaelewa kitu fulani kabla ya kukisomesha zaidi.

Mahali pa pili ni @supports yenyewe. Inajibu kweli, ila inajibu ulichouliza tu. Agizo la gap, linaloweka nafasi kati ya vitu, lilianza kwenye gridi (mpangilio wa mistari na safu), ambayo Chrome na Firefox zote ziliipata Machi 2017. Kwenye fleksiboksi, mpangilio wa vitu vinavyofuatana kwenye mstari mmoja, gap ilichelewa: Firefox mwaka 2018, Chrome toleo la 84 mwaka 2020, Safari 14.1 mwaka 2021. Ukiiuliza Chrome ya 81 kama inaijua gap, itajibu ndiyo, kwa sababu kwenye gridi inaijua. Kisha vitufe vyako vilivyopangwa kwa fleksiboksi vitagandana kama hukuweka nafasi yoyote, na kidole cha mtu mzima kitagusa "Futa" badala ya "Agiza". Hakuna swali la CSS litakalokuambia ukweli hapo. Ninachofanya ni kurudi kwenye nafasi ya nje ya kila kitufe, margin, ambayo imekuwepo tangu CSS ya kwanza. Au vitufe navipanga kwa gridi. Vyote viwili vinafanya kazi kwenye simu ile.

Mahali pa tatu ni orodha ya viteuzi, yale majina yanayosema kanuni inahusu sehemu gani ya ukurasa. Ukivipanga vitatu kwa mkato na kimoja hakieleweki, kivinjari kinaitupa kanuni yote, pamoja na viwili vilivyo sahihi. Kwa hiyo kiteuzi kipya kama :has(), kilichofika Safari Machi 2022, Chrome Agosti 2022 na Firefox Desemba 2023, nakiandikia kanuni yake peke yake, mbali na wenzake.

Umuhimu wa haya niliuona waziwazi mwaka 2024. Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Wateja wa mbali walikuwa wakipiga simu kutwa. Kina mama wakataka tangazo juu ya ukurasa: ziwa limefungwa, tunauza akiba, bei ni hii. Kila mtu alione, kwenye simu yoyote. Nililiweka kama bango linalobaki juu mtu anaposhusha ukurasa, kwa position: sticky, na nililichagua agizo hilo kwa sababu ya linavyoshindwa. Kivinjari kisicholijua kinaliacha bango mahali pake pa kawaida, juu ya ukurasa, na msomaji analikuta pale pale anapoanza kusoma. Agizo la fixed lingeliondoa bango kwenye mtiririko wa ukurasa, na kwenye skrini ya pikseli 240 lingeweza kufunika nusu ya orodha ya bei. Hivyo ndivyo ninavyochagua siku hizi: kabla ya kujiuliza agizo linapendezaje likifanikiwa, najiuliza msomaji anabaki na nini likishindikana.

Opera Mini ina habari yake. Katika hali yake ya kubana data kwa kiwango cha juu, simu haiuchori ukurasa kutoka mwanzo. Seva za Opera ndizo zinazoufungua, zinaupanga, zinaubana na kuutuma ukiwa mdogo. JavaScript, lugha ya programu zinazoendeshwa ndani ya ukurasa, inaendeshwa kule kwenye seva kwa muda mfupi tu. Fonti za kupakua hazifiki, mwendo haupo, gridi haipo. Tovuti nyingi zinatumia fonti ya alama badala ya maneno: kisimu kidogo kwa maana ya kupiga, kibahasha kwa maana ya barua. Kwa mtu wa Opera Mini alama hizo zinageuka visanduku vitupu, naye anabaki kubahatisha. Kwa hiyo ukurasa wa kina mama umeandikwa "Piga simu" kwa herufi. Mwenye alama akitaka aiweke pembeni ya neno, kamwe isichukue nafasi ya neno. Na sitamlaumu mtu kwa kutumia Opera Mini. Amepima bando lake akaona inamfaa.

Kiswahili chenyewe kina mahitaji yake ambayo vitabu vya Kizungu havitakuonyesha. Maneno yetu ni marefu. "Tutakapokufikishia" ni neno moja, na kwenye kitufe cha kitochi linatoka nje ya mpaka na kuusukuma ukurasa wote uanze kuyumba kushoto na kulia. Sitegemei kivinjari kijue mahali pa kulikata. Naweka word-wrap: break-word kwa usalama, jina la zamani la overflow-wrap ambalo hata injini ya vitochi inalijua, na kwa maneno ninayojua ni marefu naweka alama ya mkato uliofichwa kati ya silabi na silabi, ili likikatika likatike mahali panaposomeka. Upana wa vitufe siufungi kwa pikseli, maana Android inaandika kwa Roboto, iPhone kwa fonti ya Apple, na neno lilelile halitoshani. Na juu kabisa ya hati naandika lang="sw". Nimeona kurasa za Kiswahili zilizotangazwa kuwa za Kiingereza kwa sababu mtu alinakili kiolezo, na kisoma-skrini cha mtu asiyeona kinayasoma maneno yetu kwa matamshi ya London.

Fomu ya kuagiza naiachia kivinjari. Orodha ya kuchagua, kalenda ya tarehe, visanduku vya kuweka tiki: kila simu ina vyake, na mwenye simu ameshavizoea vya kwake kwenye kurasa nyingine zote. Nikivichora upya ili vifanane kila mahali, nitakuwa nimempa kitu kigeni kwenye mkono wake mwenyewe. Jambo ninalolisisitiza ni ukubwa wa herufi ndani ya visanduku vya kuandikia usipungue pikseli 16, kwa sababu chini ya hapo Safari ya iPhone inaukuza ukurasa mtu anapogusa kuandika.

Kupima ndiko kunakohitaji miguu. Kwenye laptopu unaweza kuibana dirisha liwe na upana wa simu, na watu wengi wanaishia hapo. Lakini hapo umebadilisha upana tu. Injini inayochora bado ni ile mpya ya laptopu yako. Maabara yangu ni meza ya fundi simu wa Mwanga, ambaye droo yake ina simu za kila umri zilizoachwa, zilizouzwa kwa vipuri au zinazosubiri wenyewe. Nawasha mtandao kutoka kwenye simu yangu, naendesha ukurasa kwenye laptopu, tunafungua anwani yake kwenye simu moja baada ya nyingine. Opera Mini peke yake haiwezi kupimwa hivyo: seva zake ziko mbali na haziioni laptopu iliyo mezani, kwa hiyo ukurasa lazima uwe hewani kwanza.

Kipimo cha pili ni Kibirizi kwenyewe. Mama mmoja wa kikundi alinionyesha simu yake na ya jirani yake, ameziweka pamoja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona kwa mwenzangu bei zimekaa mbili mbili, kwangu zimepangana moja moja kwenda chini?"

"Simu zenu hazilingani umri. Bei ya leo unaiona?"

"Naiona."

"Ukigusa namba, inapiga?"

Akagusa, na simu ya mwenyekiti wao ikaita mfukoni mwake pale pale. Akasema hilo la kupangana si hoja, ila picha ya dagaa niibadilishe, ile ni ya msimu uliopita na mteja ataona wamemdanganya. Nilikubaliana naye kabisa. Mteja wangu mwingine, mwenye nyumba ya wageni mjini, aliwahi kukataa kazi mpaka ukurasa ufanane kwenye simu yake na ya mkewe, na tuliongea sana. Nilimwonyesha kwamba kuufanya ufanane ningelazimika kuishusha ile nzuri iwe sawa na ile ya zamani. Mgeni anayefika na treni akiwa na simu yoyote anahitaji bei ya chumba na ramani, na hakuna mgeni anayeshika simu mbili ili alinganishe kona.

Nikiri kwamba hali ya leo ni bora mno kuliko ya miaka ya nyuma. Wakati wa viambishi, kila injini ilikuwa na jina lake la agizo moja: -webkit-, -moz-, -ms-, -o-. Watengenezaji wakazoea kuandika cha WebKit tu, na simu za wengine zikaonekana mbovu bila kosa lao, hadi Firefox mwaka 2016 ikaanza kuvielewa viambishi vya WebKit ili watumiaji wake wasiumie. Nalihesabu hilo kuwa aibu yetu sisi waandishi. Opera iliacha injini yake mwaka 2013, Edge ya Microsoft ikahamia Chromium, msingi uleule wa Chrome, mwaka 2020, Internet Explorer ikastaafishwa Juni 2022. Zimebaki injini kubwa tatu, na tangu 2022 Apple, Google, Microsoft, Mozilla, Igalia na Bocoup wanakubaliana kila mwaka ni mambo gani yafanyiwe kazi yafanane, na wanayapima hadharani kwa majaribio ya pamoja. Kuna pia kipimo kiitwacho Baseline: jambo likishafika kwenye vivinjari vyote vikuu na kupita miezi 30, linahesabiwa kuwa limeenea.

Miezi 30 ni ahadi nzuri kwa mtu anayebadilisha simu. Kwa Chrome iliyoganda toleo la 95 haisemi kitu. Mwaka 2025 ilitoka Tailwind ya 4, chombo cha kuandikia CSS kinachopendwa sana na vijana wetu, na wenyewe wametangaza wazi kwamba inahitaji Chrome 111, Safari 16.4 na Firefox 128 kwenda juu. Inapanga kanuni zake ndani ya @layer, agizo jipya la kuweka kanuni kwa tabaka, na kivinjari kisichoijua @layer kinaliruka fungu zima. Kwenye ile Android 5 ukurasa unabaki karibu mtupu wa mapambo. Siwalaumu, maana wamesema mapema. Namwomba tu kijana anayejenga tovuti ya zahanati au ya soko la hapa ausome ule mstari wa mahitaji, kisha aende kwa fundi simu akaangalie droo, ndipo aamue. Kwa tovuti ya kuonyesha kazi zake mwenyewe, aitumie kwa raha.

Limebaki jambo la karatasi. Kila bei zinapobadilika, mmoja wa kina mama anaufungua ukurasa kwenye steshenari, anauchapisha na kuubandika kwenye kibanda. Printa nayo ni msomaji, na CSS ina fungu lake, @media print. Kwa kawaida vivinjari havichapi rangi za nyuma, kwa hiyo humo herufi zote nimeziweka nyeusi, menyu na vitufe nimeviondoa, na nimezuia mstari wa jedwali usikatwe kati ya kurasa mbili. Namba ya simu inachapwa kubwa juu kabisa, na tarehe chini yake. Madaraja ya dagaa, ambayo kwenye skrini yana rangi ya kijani na bluu, nimeyaandikia pia majina yake kwa maneno, maana kwa wino mweusi rangi hizo mbili zinatoka kijivu kimoja.